Tribini Iliyofuata Ngoma

Kanisa la kambi yetu halipo tena. Mahali liliposimama leo kuna ukuta wa udongo mwekundu, na nyuma yake shimo la mgodi ambalo mwaka hadi mwaka lilitusogelea mpaka likatufikia. Ukipita barabarani unaona malori tu yakipanda na kushuka katika vumbi. Mimi nikipita huwa natazama upande mwingine.

Huku tulikohamishiwa, upande wa barabara ya Lubudi, wako watoto wasioijua kambi. Wakati wa matoleo, ngoma ikianza, wanawasikia wazee wakinong'ona, "Angekuwa Mama Simone..." halafu wazee wenyewe wananyamaza. Watoto wanauliza huyo ni nani. Basi nimeona niandike habari zake, maana yeye sasa yuko Likasi kwa mwanawe, miguu imekataa safari, na wanaokumbuka tunapungua.

Jina lake kamili ni Kabedi Simone. Baba yake alitoka upande wa Kabongo, kaskazini mwa Katanga, akaja Kolwezi akiwa kijana na kupata kazi katika kiwanda cha kusafisha mawe ya shaba. Simone alizaliwa kambini kama mimi, ila alinitangulia miaka mingi. Wakati ule kambi ilikuwa kambi. King'ora kililia alfajiri, baba zetu wakatoka na kofia zao za kazi, na mama wakafungua madirisha. Jumamosi mitaa yote ilinukia sabuni na pasi ya makaa. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Nasema tu kwamba mtu alilala akijua kesho itafanana na nini.

Alipokuwa mtu mzima, Mama Simone aliuza samaki wakavu wa kutoka Bukama, na mikono yake haikuacha kunuka samaki hata siku ya Krismasi. Lakini Jumapili alifunga njuga kwenye mguu wa kuume, akapanda tribini, na hapo alikuwa mtu mwingine. Tribini tuliita ile ghorofa ndogo ya waimbaji, juu ya mlango mkubwa wa kanisa. Wafanyakazi wa kambi waliijenga wenyewe kwa vyuma vya zamani vya mkanda uliobeba mawe kiwandani. Nyuma iliegemea ukuta. Mbele ilining'inia kwa fito za chuma zilizoshuka kutoka kwenye dari. Sakafu yake ilikuwa ya mbao. Kwaya ikikanyaga pale juu, sauti ya miguu iliingia kifuani mwa kila mtu aliyekaa chini.

Mama Simone hakujua kusoma noti za muziki. Alijua miguu. Kati ya waimbaji wote alisikia mguu mmoja uliochelewa, akasimamisha wimbo.

"Ni nani ule anatembea na mguu ya mulevi?" aliuliza. "Apana ficha. Mi nakusikia. Rudi nyumbani ukaiambie bibi yako akukandie na maji ya moto."

Watu walicheka, mwenye mguu akacheka kwa aibu, na mara ya pili miguu yote ilishuka kama mguu mmoja. Parokia nyingine zilikuja kutazama. Walikuwa na sauti nzuri kuliko zetu, lakini hawakuwa na ule mguu mmoja.

Ngoma ilipigwa na Tata Godefroid, tata ndivyo tunavyowaita akina baba, fundi wa kushona nguo, mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache. Alimpigia Mama Simone ngoma tangu wote wawili hawajafunga ndoa, kila mtu na wake. Walitaniana mpaka mbele ya altare.

"Godefroid, leo ngoma yako iko na malaria?"

"Ni sauti yako njo imeiambukiza, dada."

Hivyo ndivyo walivyokuwa, mpaka Pasaka ya mwaka 2009.

Siku hiyo kanisa lilijaa hadi nje. Kwaya ya vijana iliungana na ya wazee, na tribini ilibeba watu kuliko siku zote. Mimi nilikuwa chini, karibu na mlango, nimemshika mkono binti yangu Abigaël aliyekuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Kwetu wimbo wa matoleo hauanzi mbio. Unaanza polepole, wakati wenye kuku na mananasi na unga wanapanga mstari, kisha ngoma inaongeza mwendo kidogo kidogo, ili watu wakifika mbele ya altare wawe wanacheza kabisa. Ndivyo Tata Godefroid alivyofanya. Polepole, kidogo zaidi, kidogo zaidi.

Halafu tribini iliruka.

Nasema iliruka kwa sababu sina neno lingine. Haikuongezeka taratibu. Ilikuwa imetulia, na kati ya pigo moja na jingine ikaanza kupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyetoka mbioni. Vumbi la chokaa likatuangukia. Mama Simone akanyoosha mkono na kuushusha, kiganja kikitazama chini, ishara yake ya kupunguza mwendo. Ngoma ikapunguza, na miguu yote, ile miguu aliyoifundisha kutii, ikapunguza pamoja nayo. Tribini ikazidi. Akashusha mkono tena, kwa nguvu. Tribini ikazidi tena, sasa fito zilikuwa zinalia. Watu chini wakakimbilia altare. Halafu, ngoma ilipokuwa imefika chini kabisa, mtikisiko ukakatika mara moja, kama kamba inavyokatika.

Hakufa mtu. Mama Annie wa sauti ya pili alivunjika mkono kwa kukimbilia ngazi. Lakini padri wa wakati ule alifunga mlango wa ngazi kwa kufuli, na kuanzia siku hiyo kwaya iliimbia chini kwenye mabenchi.

Maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ni uzito wa watu. Wengine walisema ni ulozi wa parokia zenye wivu. Mama Simone alikuwa na jibu lake, na alilitoa palepale nje ya kanisa, mbele yetu sote.

"Nilikupa mukono, Godefroid. Weye ukaendelea kupiga."

"Nilipunguza, Simone."

"Ulipunguza wapi? Tulizidi kuruka!"

"Nilipunguza mpaka mikono ikaniuma. Mungu ananiona."

"Na Annie pia anakuona. Kamuangalie mukono yake."

Tata Godefroid akaweka ngoma chini, akaenda nyumbani bila kofia yake. Hakuipiga tena kwa miaka mingi. Kijana mwingine aliichukua. Wale wawili wakawa watu wa kusalimiana kwa kichwa. Mama Simone alipeleka nguo zake kushonwa soko la mbali, akapita mbele ya cherehani ya Godefroid, jirani yake, na kitambaa chini ya kwapa. Kwaya iliendelea kuimba, lakini yeye aliimba kama mtu anayepika kwenye jiko la watu. Mara nyingi nilimwona anainua macho kutazama tribini tupu.

Miaka ikapita, mgodi ukakaribia. Milipuko ya mchana ilitikisa vikombe vyetu kabatini. Kazi yangu ilikuwa kufagia kanisa, na chini ya tribini nilikuta chokaa mpya kila juma. Mimi ni mtu wa namna hiyo: nikiona glasi iko ukingoni mwa meza, naisogeza katikati hata kama nyumba si yangu. Vumbi lile lilininyima raha.

Ndipo ikaja habari kwamba tutahamishwa na kanisa litabomolewa. Padri wetu mpya, Padri Stéphane, alitutajia Jumapili itakayokuwa ya mwisho. Waliokuwa wametawanyika Likasi na Lubumbashi wakatuma habari kwamba watakuja. Na Mama Simone akasimama baada ya Misa, mbele ya watu wote.

"Mompere," alisema, ndivyo tunavyowaita mapadri, "mi nilizaliwa hapa. Baba yangu alibeba bile vyuma pa bega lake. Siku ya mwisho, kwaya yangu itaimbia pale juu. Yote. Wazee na batoto."

Kanisa zima likapiga makofi. Mimi sikupiga. Abigaël alikuwa tayari msichana wa chuo kikuu Lubumbashi, anajifunza ujenzi, na kila likizo aliimba katika kwaya ile. Nilimwona anapiga makofi kuliko wote.

Nyumbani nilimwambia, "Weye hautapanda."

"Mama, wote watapanda."

"Wote haiko batoto yangu."

Alikuwa pale siku ya Pasaka. Nilikumbuka jinsi vidole vyake vilivyokaza ndani ya mkono wangu. Baadaye akasema kwamba kuna njia ya kujua badala ya kuogopa. Huko chuoni walikuwa na mwalimu anayewafundisha jinsi majengo yanavyotikisika. Akamwomba Padri Stéphane ruhusa, padri akakubali kwa sharti moja: kama jibu ni baya, Mama Simone mwenyewe atamweleza kila mtu. Mama Simone akasema sawa, kwa sababu alikuwa na hakika jibu litakuwa zuri. Kwake tatizo halikuwa tribini. Tatizo lilikuwa mpiga ngoma.

Walikuja Abigaël na wenzake wawili, alasiri moja, na mota ya mashine ya kusagia mahindi waliyoazima sokoni. Kwenye gurudumu lake walifunga kipande cha chuma upande mmoja tu, ili likizunguka litupe uzito juu na chini kama watu wanaokanyaga. Waliifunga katikati ya tribini. Walikuwa na kompyuta, kisanduku cha kuongeza na kupunguza mwendo, na waya ndefu, hivyo sote tulisimama chini karibu na altare. Abigaël akaweka sahani ya bati kwenye sakafu ya juu, na vijiko ndani.

"Kompyuta itatuchorea mustari ya kutikisika," alisema, "lakini nataka wazee basikie na masikio."

Padri alikuwepo, Mama Simone alikuwepo na kiti chake. Na mlangoni, bila kuitwa na mtu, nilimwona Tata Godefroid. Habari hazina miguu lakini hutembea.

Mota ikaanza polepole. Sahani kimya. Wakaongeza kidogo, kimya. Mama Simone alikuwa anahesabu mwendo kwa kidole gotini, naye akatabasamu. "Munaona? Iko salama." Wakaongeza tena, kidogo sana. Vijiko vikaruka. Tribini yote ikaanza kupanda na kushuka, vilevile, bila onyo. Moyo wangu ulirudi mwaka ule.

"Sasa mama," Abigaël alimwambia Mama Simone, "ungefanya nini?"

Hakujibu kwa mdomo. Mkono wake ulinyooka wenyewe, kiganja chini.

Abigaël akapunguza mwendo. Vijiko vikalia zaidi. Akapunguza tena, na kijiko kimoja kikaruka nje ya sahani na kuanguka chini mbele yetu. Fito zikaanza kulia. Akapunguza tena, chokaa ikamwagika. Ni pale mota ilipokwenda polepole kabisa, chini sana ya mwendo ule tribini ilipoanzia kuruka, ndipo mtikisiko ulipokatika ghafla, na kanisa likawa kimya.

"Rudia," Mama Simone akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Wakarudia. Yakawa yaleyale. Mara ya tatu Abigaël hakupunguza. Tribini iliporuka, yeye aliongeza mwendo, akaendelea kuongeza. Vijiko vikatulia kidogo kidogo mpaka vikabaki vinanong'ona tu.

Alieleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Kila kitu kina mwendo wake wa kutikisika, kama bembea. Tribini ikiwa mpya, vyuma vimeshikana, mwendo wake ni mmoja. Lakini bolti zake zimelegea kwa miaka na kwa milipuko. Ikitikisika kidogo, vyuma bado vinashikana. Ikitikisika sana vinaachana na kurudiana, tribini inakuwa laini, na mwendo wake unapungua. Basi ukipunguza ngoma, nayo inapunguza. Unaikimbia, inakufuata; ukiongeza ndipo unaiacha nyuma.

"Kama mbwa," akasema padri.

"Kama chekeche," akasema Mama Simone.

Tulimtazama. Alikuwa anatazama sakafu.

"Baba yangu alikuwa kazi kwenye chekeche kubwa ya kiwanda. Ile inatikisa mawe. Ikiwa inaenda kasi, nyumbani tulilala. Jioni wakiizima, inapunguza, inapunguza, halafu sahani zote za mama zinalia pa kabati. Kila siku. Mama alikuwa anashika kabati na mikono mbili." Akacheka kidogo, bila furaha. "Tulikua na ile sauti, Mama Abigaël. Weye pia. Tulijua kitu kikipunguza kinatikisa zaidi. Na pale juu nikasahau."

Ilikuwa kweli. Nami nilikuwa nimesahau, mpaka aliposema. Hapo nikaisikia kabati ya mama yangu, na kikombe cha bluu kilichokaa juu kabisa.

Mama Simone akageuka kwenye kiti, taratibu, mpaka akamwona mtu aliyesimama mlangoni.

"Godefroid."

"Naam."

"Kumbe ulipunguza."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Mi njo nilishusha mukono."

Tata Godefroid alikuna shingo. "Hata mi nilifikiri labda sikupunguza. Nililala miaka nikijiuliza. Mutu akiambiwa sana, anaanza kuamini."

Padri alikohoa, akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: je, Jumapili kwaya itapanda?

Abigaël alisema kwamba kwa kusimama tu, tribini ingebeba. Hatari ni miguu kwenda pamoja. Wasimame bila kukanyaga.

"Jaribuni hapa chini," Mama Simone akasema. Waimbaji wachache walikuwa wamekusanyika kwa mazoezi. Akawapanga, akaanza wimbo wa matoleo, akawaambia miguu isitembee. Mimi nilitazama miguu, ndiyo kazi yangu kutazama. Mstari wa kwanza walisimama. Mstari wa pili visigino viliinuka. Kilipofika kiitikio, wote walikuwa wanakanyaga, kushoto kulia, na wenyewe hawakujua. Na aliyekanyaga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Abigaël, mwenye kompyuta.

Mama Simone akasimamisha wimbo. Aliwatazama kama mtu anayetazama nguo aliyoishona vizuri na haimtoshi.

"Miaka yote hii nilibafundisha kitu kimoja," alisema. "Sasa siwezi kubafundishua kwa siku mbili. Mompere, kwaya haitapanda."

"Pole sana, mama."

"Usinipe pole. Aba ni batoto ya benyewe." Akanitazama mimi aliposema hivyo. Kisha akainua macho kwenye tribini. Kitu alichokingoja tangu Pasaka ile alikuwa amekiweka chini kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha.

Ni Tata Godefroid aliyezungumza. "Abigaël, mutoto yangu. Watu wawili je? Wazee. Wakonde."

Abigaël akacheka. "Watu wawili, tribini haibasikii hata kidogo, tata."

"Mi siko mukonde," Mama Simone akasema.

"Basi mi nitakuwa mukonde kwa ajili yetu wawili."

Jumapili ya mwisho kwaya ilisimama chini, kwenye sakafu ya saruji, nusu ya kanisa ikiwa kwaya. Walikuja watu ambao sikuwa nimewaona tangu usichana wangu, wamezeeka, wanashikana mikono na kuulizana majina ya nyumba zilizokwisha kuvunjwa. Kabla ya matoleo, padri alifungua kufuli. Mama Simone alipanda ngazi akishika ukuta, njuga mguuni, na Tata Godefroid akamfuata na ngoma begani.

Ngoma ilianza polepole. Sisi chini tukakanyaga. Kidogo zaidi, kidogo zaidi. Nilijua ule mwendo ulipokaribia, mwili wangu wote ulijua, nikatazama zile fito. Mama Simone alinyoosha mkono. Safari hii kiganja kilitazama juu. Ngoma ikapita pale, ikaendelea kupanda, na sakafu ya saruji haikufanya lolote ila kurudisha sauti yetu. Kuku walipiga kelele, mama mmoja wa Likasi alidondosha nanasi, Abigaël alikuwa mbele yangu anaruka kama mtoto. Nililia, na sikuwa peke yangu.

Misa ilipokwisha, wanaume walianza kubeba mabenchi kwenye lori. Nilifagia, ingawa hakukuwa na maana ya kufagia kanisa linalobomolewa. Lori lilikuwa linapiga honi, padri alikuwa anaangalia saa, na wale wawili hawakushuka. Tuliwaita. Hakuna aliyejibu, kwa sababu hawakutusikia. Walikuwa wamekaa kwenye sakafu ya tribini, ngoma katikati yao, wanabishana.

"Kwa mustari wa tatu uliingia mbele yangu."

"Mi? Ni weye ulivuta pumzi ndefu kama ng'ombe."

"Godefroid, usinianzie."

"Imba tena basi, tusikie."

Na akaimba tena.